Sanda ya Penelope na mkeka wa Dada

Kibiti, Jumamosi jioni, mwezi wa Juni

Leo kumekucha na baridi. Masika yamekwisha, na asubuhi hewa ilikuwa ile inayokufanya uvute khanga mpaka masikioni ukienda bombani. Sasa ni jioni, miguu inaniuma kwa kucheza, na nyumba nzima inanukia pilau. Nina furaha. Nimeanza na neno hilo kwa sababu ni muda mrefu sijaliandika hapa.

Mnaosoma blogu hii ya klabu yetu ya kompyuta mmeona kwamba tangu Idd nimekuwa nikiandika habari za mvua, mitihani na paka wa jirani. Hayo siyo yaliyokuwa moyoni mwangu. Ya moyoni yalikuwa ya mtu mwingine, na sikuwa na ruhusa. Leo mchana nimeipata. Dada kaniambia, "Andika, ila jina langu usilitaje, na usinifanye kila mstari nalia." Kwa hiyo nitamwita Dada tu, na kilio nitakipunguza.

Dada ni binti wa Baba Mkubwa. Mimi naishi kwao hapa Kibiti kwa ajili ya shule, kwani wazazi wangu wako delta ya Rufiji kwenye mpunga, na kutoka kule hadi sekondari ni safari ya mtumbwi. Dada alimaliza kidato cha nne mwaka jana, akafaulu, na tangu hapo alikuwa anangoja kitu kimoja: kuchaguliwa kidato cha tano. Majina hutoka karibu na katikati ya mwaka. Kabla ya hapo, binti aliyemaliza shule anakaa nyumbani, na binti anayekaa nyumbani huonwa.

Alionwa.

Posa ilitoka Bungu, kwa kijana mwenye duka la pembejeo anayeuza salfa ya kupulizia mikorosho. Nataka niwe mkweli: si mtu mbaya. Nimemwona mara moja, ana sauti ya taratibu na anamwamkia kila mtu, hata wadogo. Baba yake na Baba Mkubwa walisoma chuo cha Kurani pamoja wakiwa watoto, wakachapwa na mwalimu mmoja kwa sura zile zile. Walikutana msibani, wakashikana mikono, na Baba Mkubwa akatoa neno mbele za watu. Baba Mkubwa si mtu wa kutoa neno halafu akalirudisha. Akasema Dada awekwe ndani, achezwe ngoma, kisha aolewe kabla watu hawajaanza kupulizia korosho.

Hakumuuliza Dada. Dada naye alikuwa anakuna nazi, akaendelea kukuna mpaka kifuu kikatoboka.

Niwaeleze wasio wa kwetu. Zamani mwali alifungiwa ndani mwaka, hata miaka, akitoka mweupe kwa kukosa jua. Siku hizi ni wiki chache, na wengi hungoja binti amalize shule. Lakini kitu kimoja katika ukoo wetu hakijabadilika. Mwali husuka mkeka wake mwenyewe, wa ukindu, na siku ya kutolewa hukalishwa juu yake mbele ya wanawake wote. Mkeka haujatimia, mwali hatoki. Na anayesema umetimia au haujatimia ni somo wake, yule mwanamke anayemfunda. Baba hana kauli hapo. Hata mama hana.

Somo wa Dada ni Bi Tatu.

Bi Tatu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, anauza bagia asubuhi, na watoto wa mtaa huu wanapita mbali na kibaraza chake. Ana mdomo. Mama Mkubwa mwenyewe, ambaye haogopi mtu, akimsikia anabisha hodi huficha sufuria zisizosuguliwa. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja kukagua ukili. Ukili ndio ule utepe mrefu unaosukwa kwanza, unaviringishwa kama gurudumu, na ukishatosha ndipo hushonwa ubavu kwa ubavu ukawa mkeka. Bi Tatu aliukunjua, akaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada, macho yakitazama dari. Kisha kidole kikasimama.

"Hapa umelegea."

"Wapi, somo?"

"Hapa. Na hapa. Na hapa ulikuwa unafikiria chakula. Fumua."

Na Dada akafumua, mchana kweupe, mbele yetu sote. Kazi ya wiki nzima ikarudi kuwa majani. Yakalowekwa tena kwenye beseni yalainike, na Jumamosi akaanza upya.

Nilimchukia Bi Tatu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilirudi kutoka shule nikamkuta Dada ameinama chini ya dirisha, vidole vimepasuka kwa ukindu, na gurudumu la ukili ni lile lile, kama sahani ya chai. Nilidhani yule mama anafurahia. Nilidhani kuna watu wakishapewa madaraka hata ya majani, watayatumia kumliza mtu.

Wakati huo huo, shuleni, mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametugawia misemo iliyotoka katika hadithi za kale za Wayunani, ambayo watu wa dunia nzima huitumia. Kila mmoja aeleze maana yake na matumizi yake. Wenzangu walipata kisigino cha Akilesi na sanduku la Pandora. Mimi nilipata sanda ya Penelope.

Hadithi ni hii, kwa ufupi. Penelope alikuwa mke wa mfalme wa kisiwa kidogo. Mumewe alikwenda vitani na hakurudi kwa miaka mingi. Wanaume wakajaa nyumbani kwake, wakala, wakanywa, wakamtaka achague mmoja wao amwoe. Hakuwa na nguvu ya kuwafukuza. Akawaambia: nitachagua, ila kwanza niacheni nimfumie baba mkwe wangu sanda, ni mzee, nisije nikalaumiwa. Wakakubali. Mchana alifuma, usiku akafumua alichofuma. Ikawa hivyo miaka mitatu, mpaka mmoja wa wajakazi wake mwenyewe alipokwenda kusema.

Darasa lilichangamka kwa ile sanda. Kumshonea sanda mtu aliye hai! Nyuma huko mtu akasema astaghfirullah kwa sauti. Mwalimu akacheka, akasema kila watu na heshima yao, kwao kumwandalia mzee sanda nzuri ilikuwa adabu, na ndiyo maana wale wanaume hawakuweza kukataa. Angewaambia anafuma pazia wangemnyang'anya.

Kisha akauliza maana ya msemo.

Nikajibu, "Ni kazi isiyokwisha, kwa sababu inafanywa na kufumuliwa."

Shabani, anayekaa mbele yangu na ambaye hawezi kukaa kimya, akanyoosha mkono. "Mwalimu, basi barabara yetu ya kwenda mtoni ni sanda ya Penelope. Kila kiangazi wanaichonga, kila masika mto unaila."

Tulicheka, na mimi nikaona ni mfano mzuri kuliko wangu. Lakini mwalimu akatikisa kichwa. Akasema hapana, hiyo ni barabara mbovu tu. Mto hauna nia. Greda nalo halina nia ya kurudisha nyuma kazi yake. Msemo huu unautumia pale tu mtu anapochelewesha kazi kwa makusudi, akionekana anaifanya, kwa sababu ikikwisha litatokea jambo asilolitaka. Akatoa mifano. Kamati inayokutana kila mwezi na kubadili kila mwezi ilichokubaliana, ili uamuzi usifike: hiyo ni sanda ya Penelope. Mgonjwa wa mapenzi anayeandika ujumbe na kuufuta ili asijibiwe hapana: hapo Shabani alipiga mluzi na akatolewa nje.

Baada ya kipindi nikamfuata mwalimu mezani. Sikutaja nyumba yetu. Nilisema tu, "Na kama anayesuka ni mmoja na anayefumua ni mwingine, je? Anayesuka ni mwali, anayefumua ni somo wake."

Akanitazama juu ya miwani. "Swali lako zuri. Mwali unamwonea huruma, sawa. Lakini umejiuliza huyo anayefumua anangoja nini?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na swali hilo, nikawa siwezi kuliweka chini.

Mimi ni mtu wa kuchelewa kuelewa. Dada husema akili yangu ni kama jiko la mkaa: ikishika haizimiki, ila mpaka ishike! Nilimtazama Bi Tatu Ijumaa iliyofuata na sikuona kitu. Umelegea. Fumua. Nikamtazama Dada, nikaona ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika, nikajua analia, nikatoka nje nisimwone.

Ndipo Baba Mkubwa alipochoka. Watu wa Bungu walikuwa wanapiga simu. Akaniita kibarazani.

"Nuru."

"Abee, Baba Mkubwa."

"Mama yako ni msukaji. Nimelalia mikeka yake. Na wewe umejifunza?"

"Kidogo, Baba Mkubwa."

"Basi ukitoka shule mkae wawili. Mikono miwili haitoshi, tuongeze miwili. Msaidie dada yako, aondokane na adha hii."

Msaidie dada yako. Alisema kwa upole kabisa. Alimwonea huruma, kama mimi. Na mimi nikafurahi! Nilidhani nikikaza ukili wangu vizuri, Bi Tatu atakosa pa kushika, Dada atapumzika vidole. Sikufikiri zaidi ya vidole. Wiki ile nilisuka kama ninavyosuka kwa mama, ambaye ukili wake ukiumwagia maji hayapiti. Kila siku baada ya shule, mpaka taa inawashwa. Dada alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Mara mbili alisema, "Nuru, taratibu basi, unakimbilia wapi?" Nami nikamwambia apumzike, nipo.

Gurudumu likakua. Likawa kama sinia.

Ijumaa Bi Tatu akaja. Akapitisha kidole. Akapitisha, akapitisha, akafika sehemu yangu, na macho yakashuka kutoka darini.

"Nani kasuka huu?"

"Mimi, Bi Tatu."

"Nani kakufunza kukaza hivi?"

"Mama yangu."

"Mama yako fundi." Mama Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Bi Tatu akanirudishia ukili. "Fumua."

Nilishindwa kuzuia mdomo. "Kwa nini, Bi Tatu? Umelegea wapi?"

"Haukulegea popote. Ni mzuri mno. Wa mwenzio hauko hivi. Unataka mwali akae kwenye mkeka wenye sura mbili, huku umekaza huku umelegea, watu wakisimama waseme kasukiwa? Fumua wako, na wake fumua, muanze pamoja."

Mabega ya Dada yakaanza kutikisika. Safari hii nilikuwa nimekaa chini, karibu naye, na niliuona uso wake ndani ya khanga.

Alikuwa anacheka.

Anacheka mpaka machozi, ameuma pindo la khanga asisikike. Na Mama Mkubwa mlangoni alikuwa amegeuka anatazama ukuta, na mwiko unatetemeka. Ndipo jiko likashika. Wiki zote zile nilizotoka nje nisione kilio, hakikuwa kilio: walikuwa wanasogeza siku mpaka majina yatoke.

"Mbona hamkuniambia?" nikauliza.

"Tukuambie wewe?" alisema Bi Tatu. "Mtoto ukiulizwa jambo masikio yanasimama kama ya sungura. Tungekuambia Ijumaa, Jumamosi Bungu nzima ingejua. Haya, shika majani."

Kwa hiyo nilikuwa ndani ya hadithi bila kujua, na nilikuwa nimepewa nafasi mbaya kuliko zote. Nilikuwa yule mjakazi. Sikuwa nimesema kitu kwa mtu, lakini mikono yangu ilikuwa inamwoza dada yangu upesi kuliko posa.

Wiki mbili zilizofuata nilisuka vibaya kwa bidii. Si kazi rahisi, jamani. Mikono iliyozoea kukaza hukaza yenyewe. Dada alikuwa akinikanyaga mguu kila nikijisahau.

Lakini sikuwa na amani, na hili ndilo lililonizuia kuandika. Baba Mkubwa ndiye anayenilipia shule. Ndiye aliyekwenda delta kunichukua, akabeba begi langu kichwani kwenye tope. Nyumba nzima ya wanawake ilikuwa inamzunguka, na yeye anakunywa chai yake akiamini. Nilijiuliza kama kati ya wale wanaume wa Penelope kulikuwa na mmoja ambaye alikuwa mtu mzuri tu, aliyekuja kwa adabu, akamsubiri kwa adabu, na kila asubuhi akauliza, sanda imefika wapi? Hadithi haisemi.

Kisha siku niliyoiogopa ikafika. Nilimpelekea chai kibarazani, akaniambia nikae.

"Nuru, wewe ndiye msema kweli humu ndani. Wengine nikiwauliza wananiletea maneno. Mkeka unakwenda?"

Masikio yangu yakasimama, nayahisi hata sasa. Nilifikiria kusema ndiyo. Nilifikiria kusema kila kitu. Nikajaribu kutafuta jambo moja la kweli ambalo halikuwa langu kulificha.

"Baba Mkubwa, Bi Tatu hajaridhika."

"Bi Tatu namjua. Huyo haridhiki hata na mbingu." Akakiweka kikombe chini. "Nakuuliza wewe. Wewe umeridhika?"

Alikuwa ananitazama. Sijui alikuwa anauliza mkeka au anauliza kitu gani. Najua mimi nilijibu nini.

"Hapana, Baba Mkubwa. Mimi sijaridhika."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Na dada yako?"

"Hajaridhika. Anangoja majina ya shule."

Hapo nilikuwa nimekwisha kusema zaidi ya nilichotumwa na mtu yeyote. Baba Mkubwa hakukasirika. Alikaa akitazama kuku wakiparuana kwenye pumba, chai ikapoa, ikatanda utando. Mwisho akasema, "Haya. Nenda kasome." Nikaenda, nikafungua kitabu juu chini na sikugundua mpaka Dada aliponigeuzia.

Sikumwambia Dada nilichosema. Nililala nikiwa na uhakika nimeharibu.

Siku tatu hivi baadaye mshenga akaja kutoka Bungu, mzee mcheshi mwenye kofia ya kiua na pikipiki iliyojaa tope. Alikaribishwa, akaletewa mihogo na chai. Bi Tatu aliitwa, kwa kuwa habari ilikuwa ya mkeka, akakaa upande wa pili wa mlango kama ilivyo adabu. Mimi na Dada tulikuwa chumbani nyuma ya pazia, ukili magotini.

"Sisi tumetumwa kuuliza tu," mshenga alisema. "Huo mkeka mnasuka wa kuanikia mpunga wa Rufiji nzima?"

"Mwenye haraka akanunue wa plastiki sokoni," Bi Tatu akajibu. "Ipo mpaka yenye picha za magari."

"Bi Tatu, bwana! Mimi nakuuliza kwa heshima."

"Na mimi nakujibu kwa heshima. Nisingekuheshimu ningekwambia ya plastiki bei yake."

Walicheka wote wawili, lakini mshenga alipomaliza kucheka alimgeukia Baba Mkubwa, na sauti ikabadilika. Alisema kijana ana umri wake, msimu unaingia, hawezi kukaa bila jibu. Kama ni ndoa iwe, kama si ndoa aambiwe. Alisema hayo bila ukali. Kwa kweli alikuwa na haki.

Dada akanishika kiganja. Vidole vyake vilikuwa vikavu kama ukindu.

Kisha tukamsikia Baba Mkubwa.

"Neno nililotoa ni langu, sijalikataa," alisema. "Lakini mimi nimezaliwa na mwanamke aliyetolewa juu ya mkeka wake. Siwezi kumtoa binti yangu juu ya mkeka nusu. Na huu mkeka, nimeuliza nyumbani kwangu, wasukaji hawajaridhika. Mwambie rafiki yangu hivyo. Wasukaji hawajaridhika. Sitaki kijana angoje kitu nisichojua kitaisha lini. Kama ataona pengine panapofaa, simlaumu, na harusi yake nitakwenda kupika."

Dada akaniachia kiganja akajifunika uso kwa mikono miwili. Sasa alikuwa analia kweli. Nimeahidi kupunguza, basi naishia hapo.

Mshenga alimaliza chai yake. Katika hadithi ya Penelope mume hurudi na wale wanaume wote wanauawa mle mle ukumbini, na damu inaoshwa na wajakazi. Kwetu alipewa mihogo ya kupeleka nyumbani, akalalamika pikipiki haina pa kufunga, akafungiwa nyuma kwa kamba ya katani, akaenda. Naipenda zaidi ya kwetu.

Si kwamba haikuuma. Rafiki yake Baba Mkubwa hakupiga simu kwa muda mrefu, na Baba Mkubwa alikuwa akiitoa simu mfukoni, anaitazama, anairudisha. Nilikuwa namwona. Kila alipofanya hivyo nilijua nimo kwenye uzito ule.

Wiki iliyopita majina yametoka. Dada kachaguliwa. Si shule aliyoitaka. Ni mkoa wa mbali, kwenye baridi ambayo sisi wa pwani hatuijui, na Mama Mkubwa tayari ameanza kuulizia masweta ya mtumba. Dada alisoma jina lake kwenye simu, akasoma tena, akanipa mimi nisome, kisha akaenda kumalizia kukaanga samaki kwa sababu walikuwa wanaungua.

Siku ile ile Bi Tatu akaja, na haikuwa hata Ijumaa. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mnakaa mnatazamana nini? Mwali hapelekwi shule akiwa hajatoka. Sukeni!"

Tukasuka. Jamani, tulisuka! Dada, mimi, Mama Mkubwa aliyeacha hata kwenda shamba, na Bi Tatu mwenyewe aliyekuwa na vidole vya upesi kuliko sisi sote. Hakuna kilichofumuliwa, wala hakuna aliyetaja mkeka wenye sura mbili. Ukili ulijaa kama gurudumu la trekta, ukashonwa, na jana jioni mkeka ulikuwa umetimia, mweupe, na mistari ya zambarau kandoni.

Leo Dada ametolewa. Hajatolewa kwa mume. Ametolewa tu, kama mtu mzima anayekwenda zake. Wanawake wameimba, ngoma imelia tangu asubuhi, Bi Tatu amecheza mpaka amepoteza kiatu kimoja. Dada alikaa katikati ya mkeka wake kwa khanga mpya, macho chini kama inavyotakiwa, na ninavyomjua mimi alikuwa anazuia kicheko.

Wanaume hawaingii kwenye shughuli hii. Baada ya watu kupungua ndipo Baba Mkubwa alipokuja kumpa mkono bintiye. Akachuchumaa ukingoni mwa mkeka. Akapitisha kiganja juu yake, polepole, kutoka pindo hadi pindo. Akapinda ncha akatazama upande wa chini.

"Kumbe mnajua kusuka," alisema.

Bi Tatu akajifunga khanga vizuri. "Tulikuwa tunajifunza, baba."

Baba Mkubwa akainamisha uso, na nikaona masharubu yake yanacheza. Kisha akamwambia Dada, "Ungeniambia, mwanangu." Alisema hivyo tu.

Ungeniambia.

Tangu mchana neno hilo linazunguka kichwani mwangu, hata ngoma haikulifunika. Mwalimu alitutaka tumalizie kazi yetu kwa sentensi moja inayotumia msemo. Nimeshaiandika: Wanawake wa nyumba ile walisuka sanda ya Penelope mpaka baba alipopata njia ya kusema hapana. Nafikiri atanipa alama. Lakini nikiisoma naona kuna kitu kinasikitisha ndani yake. Penelope alifumua kwa sababu wale waliokuwa mezani kwake wasingesikia neno lake hata angelipiga kelele. Sisi tulifumua wiki baada ya wiki, vidole vikapasuka, mbele ya mtu ambaye nilipomwambia ukweli mmoja mdogo aliacha chai yake ikapoa.

Je, angesikia siku ya kwanza, kabla mshenga hajachoka na pikipiki? Sijui. Sitaki kujifanya najua. Labda alihitaji muda ule ule tuliouhitaji sisi. Bi Tatu, nilipomuuliza leo, alinijibu kwamba maswali ya namna hiyo huulizwa na watu wenye nguvu za kuosha sufuria, na akanionyesha sufuria.

Mwakani ni zamu yangu kumaliza kidato cha nne. Na mimi nitakaa nyumbani miezi ile, na mimi nitaonwa. Sitaki kuja kumtegemea mtu mwenye mdomo kama wa Bi Tatu anifumulie.

Nataka kusomea uuguzi, kisha nirudi delta, ambako mama zetu wanajifungulia mbali na msaada. Hilo sijawahi kumwambia mtu mzima yeyote. Nimelizungusha tu kichwani, nalianza na kulifuta.

Kesho asubuhi zamu ya chai ni yangu. Nitamwamkia Baba Mkubwa, nitaweka kikombe, na nitakaa bila kuambiwa nikae. Masikio yasimame yakitaka. Nitamwambia.